Nilikuwa fundi mitambo kanisani, nikawa nasikia maiki moja tu

FundiMitambo_Ksm

Bwana asifiwe kwa wanaosifu, na wengine habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye ugali jikoni akaepue kwanza.

Nina miaka 31, natengeneza simu hapa Kondele, Kisumu, na kwa miaka minne nimekuwa fundi mitambo wa kanisa letu la Manyatta. Kanisa la mabati, watu kama mia na hamsini. Mvua ikinyesha hata pasta anaketi chini kungoja ipite. Sijazini na mtu. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo pango nililojifichia. Kila pasta alipohubiri uasherati, mimi nilikuwa kule nyuma na hedifoni zangu, nikiitikia amina kwa niaba ya wengine.

Sasa, kwa wasiojua mitambo. Mixa ina njia nyingi na kila chombo kina yake: maiki ya pasta, maiki za kwaya, kinanda, gitaa la besi. Vyote vinaingia pale, fundi anavichanganya, na kwenye spika vinatoka kitu kimoja. Lakini kila njia ina kitufe kidogo. Ukikibonyeza, hedifoni zako zinaacha mengine yote na kukupa maiki hiyo peke yake. Kanisani hakuna anayejua, wao wanaendelea kusikia kwaya nzima. Kitufe hicho kipo ili fundi atafute hitilafu, labda waya unakwaruza. Unasikiliza sekunde tano, unakiachilia.

Mimi nilikibonyeza kwenye njia ya nne na nikakiacha hapo mwaka mzima.

Njia ya nne ni ya dada mmoja anayeongoza sifa. Chini ya mixa tunabandika selotepu ya karatasi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: PASTA, ALTO, BESI, KINANDA. Ya nne niliandika jina lake. Mwalimu wa kwaya aliinama siku moja akasoma, akaniuliza, "Huyu mbona ana jina na wengine wana kazi?" Nikamwambia ni kwa sababu maiki yake inasumbua.

Nilijua anavyovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Nilijua kama Jumamosi amekunywa kitu cha baridi. Nilikuwa nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kupanga viti, hata nikawa nasifiwa mbele ya watu: mwigeni ndugu huyu, anaipenda nyumba ya Bwana. Naam, nyumba niliipenda. Mwenye nyumba ndiye sikuwa nimemsalimia muda mrefu.

Januari kanisa likaingia mfungo wa siku 21. Watu waliombea kazi, karo, wagonjwa. Mimi niliomba kuhusu mtu mmoja tu, na sikuomba apate chochote, niliomba nimpate. Siku ya 17, tumbo limeshikana na mgongo, nikawa na hakika nimesikia sauti. Saa sita usiku nikamwandikia: "Dada, Bwana amenionyesha wewe." Alama mbili za bluu zikatokea papo hapo. Jibu lilichukua dakika kumi na moja, nilizihesabu.

"Ndugu, kwangu bado hajasema. Akisema nitakujulisha. Usiku mwema."

Mwenye akili angelala. Mimi nilikaza maombi. Nilikuwa nimemfanya Mungu mshenga, na sasa nilimwona ni mshenga anayezembea kazi.

Ikafika Jumapili moja ya Machi. Wakati wa shuhuda yule dada akasimama na maiki yake akaongea, labda dakika tatu. Mimi nilikuwa nimebonyeza kama kawaida. Nikasikia sauti inatetemeka, nikasikia herufi ya "s" inachoma masikio, nikaipunguza makali kidogo. Nikasikia analia. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba hata kilio chake kina sauti nzuri. Watu walisimama kuomba, mimi nikafumba macho nikaendelea kusikiliza pumzi.

Baada ya ibada alileta maiki mezani. Akaniambia, "Asante kwa maombi, ndugu. Wewe ungekuwa mimi, ungekubali wamkate?"

Nikasema, "Wamkate nani?"

Aliniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyebisha hodi na mlango ukafunguka wenyewe, ndani hakuna mtu.

"Mama. Mguu. Si nimeeleza sasa hivi?"

Mama yake ana kisukari. Watu mia na hamsini waliosikia kupitia spika za mitumba walijua. Mimi niliyekuwa na sauti yake ndani ya masikio, sikuwa nimesikia hata neno moja.

Jioni hiyo nilifungua Wakolosai 3:5 nikitafuta uasherati, maana ndilo tatizo nililodhani ninalo. Paulo anautaja, anataja uchafu, anataja tamaa mbaya, halafu akifika kwenye kutamani anasema hiyo ndiyo ibada ya sanamu. Nilikuwa nimeupita mstari huo mara nyingi. Sanamu nilidhani ni ya watu wa zamani, wana mti na kibuyu.

Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, sijagusa mixa. Nimedanganya nina mafua. Swali langu: niache huduma? Nimwombe msamaha, au hiyo nayo itakuwa njia nyingine ya kumkaribia?

---

Omena_Kavu

Omera, umenimaliza. "Kwangu bado hajasema." Huyo dada apewe uaskofu kesho.

---

Jirani_Nyalenda

Mimi sioni dhambi hapo. Kijana wa miaka 31 hana mke, ameona msichana anaimba vizuri, ulitaka ampende vipi, kwa barua ya chifu? Ninyi watu wa makanisa mmewafundisha vijana kuogopa macho yao wenyewe, halafu mnashangaa wakitongoza kwa unabii. Mchukue mchana kweupe, mwende Dunga mle samaki, muulize anapenda nini. Akikataa, umelipa samaki wawili tu. Hiyo ya kufunga siku 21 ni hasara ya mwili na roho.

---

VyomboVyaSauti

Mixa yenu ni ya njia ngapi? Ninayo ya 16, imetumika kidogo, haina shida. Njoo inbox.

---

Omena_Kavu

Ndugu, soma uzi kwanza.

---

MwalimuBungoma

Mulembe. Jirani hapo juu amenitia kishawishi cha kuandika, na vitabu vya kusahihisha vimejaa mezani.

Anachosema kina ukweli, na Biblia yenyewe inamuunga mkono nusu. Mathayo 5:28 inazungumza juu ya mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani. Sasa fungua Luka 22:15, Yesu mezani na wanafunzi usiku ule wa mwisho. Anasema ametamani sana kuila Pasaka pamoja nao. Kutamani ni kule kule. Na si Kiswahili tu kilichopungukiwa na maneno. Hata Kigiriki cha Injili kimetumia kitenzi kile kile pande zote mbili. Kwa hiyo hatuwezi kusema hamu yenyewe ni uchafu, la sivyo tumemshitaki Bwana mezani pake.

Tofauti naiona kwenye maneno yanayofuata. Yesu alitamani "pamoja nanyi".

Halafu nenda 2 Samweli 11. Wengi wetu tunaikumbuka ile dari na yule mwanamke anayeoga, tunasahau mstari wa tatu. Daudi anatuma mtu aulize. Anajibiwa: je, huyu siye Bathsheba, binti Eliamu, mkewe Uria Mhiti? Yaani yule mjumbe anamrudishia mfalme kila kitu ambacho jicho lake lilikuwa limekata: jina, baba, mume. Na Uria hakuwa mgeni kwake, ametajwa katika orodha ya mashujaa wa Daudi kwenye sura ya 23. Mfalme aliambiwa kila kitu. Mstari wa nne, akatuma wajumbe wakamchukua.

Nimefundisha somo la dini miaka mingi na jambo lifuatalo niliambiwa na mwanafunzi, si akili yangu. Jina Bathsheba halirudi tena katika sura hiyo. Anakuwa "yule mwanamke", anakuwa mke wa Uria. Jina linarudi sura ya 12 mstari wa 24, mtoto ameshakufa, na Daudi ameingia kumfariji. Ni wakati huo tu, anapouona msiba wake, ndipo mwandishi anampa jina lake.

FundiMitambo, wewe jina uliliandika kwenye selotepu. Lakini uliliandika kama mtu anavyoandika jina kwenye chupa yake ya maji.

---

Jirani_Nyalenda

Mwalimu, hiyo ya chupa umemuumiza. Nakubali kidogo. Samaki bado nasisitiza.

---

AltoWaNakuru

Nimesoma yote nikiwa ndani ya matatu kutoka Free Area, nimepitiliza kituo.

Mimi naimba kwaya. Mwaka mmoja nilionyeshwa kwa wanaume watatu, na Bwana ni yule yule mmoja, sijui alikuwa amechanganyikiwa. Wa tatu alipanda Menengai, akakaa siku tatu kwenye yale mapango ambako watu huenda kuomba, akashuka na jina langu. Alikonda kweli. Vumbi hadi kwenye kope. Mama yangu akamwonea huruma akampa uji.

Ngojeni niseme kitu ambacho wanaume mnaoandika hapa hamjakigusa. Kutamaniwa si habari mpya kwetu, unatembea mjini unasikia miluzi, unapita. Mtu wa miluzi unamkataa kwa kugeuza shingo. Huyu wa maombi unamkataaje? Ukimwambia hapana, umeikataa sauti ya Mungu, umekuwa Yona, kuna nyangumi anakungoja. Kanisa zima linaanza kukuangalia kama mtu mwenye kiburi. Shangazi mmoja aliniambia, "Mwanangu, mtu amefunga siku tatu kwa ajili yako, wewe unataka nini?" Kana kwamba njaa yake ni deni na mimi nimewekewa sahihi.

Na hakujua chochote kuhusu mimi! Hakujua kwamba nimesomea uuguzi. Hakujua baba amefariki. Katika zile siku tatu pangoni hakuna aliyemweleza?

Sasa swali la kuomba msamaha. Omba, lakini si kwa ujumbe, na si saa sita usiku. Nenda mchana, mahali watu wanapita. Maneno mawili, uondoke. Usimweleze ulivyoteseka. Na tafadhali usilie. Ukilia itabidi akubembeleze, na hapo utakuwa umempa kazi nyingine.

---

Omena_Kavu

Alto, pole kwa kupitiliza kituo. Na pole kwa hao watatu.

---

MzeeWaMaseno

Watoto wangu, hamjambo.

Mimi niliokoka mwaka 1970 katika ushirika wa ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaja kutufikia huku. Bado tunaimba wimbo wetu wa Tukutendereza tukikutana, ingawa tunaokutana tumebaki wachache na meno pia. Sisi tulifundishwa kutembea nuruni: dhambi unaitaja mbele ya ndugu, kwa jina lake, bila kuipamba.

Kwa hiyo nampongeza kijana kwa kutaja. Lakini nuru ina hatari yake pia, na nimeiona. Tulikuwa na ndugu mmoja aliyeungama tamaa ile ile kila Alhamisi. Aliieleza kwa undani, nguo gani, njia gani, jua lilikuwa wapi. Tulimwitikia kwa wimbo. Miezi ikapita. Siku moja mama mmoja muuza vyungu, hakuwa msemaji, akamkatiza: "Ndugu, hii si toba. Huku ni kuchungulia mara ya pili." Nyumba ikanyamaza. Yule ndugu alikasirika, hakuja wiki mbili, kisha akaja.

Nakuuliza wewe, mwanangu. Pumzi yake kabla ya ubeti wa pili, sisi ilitufaa nini kuijua?

Juu ya kuacha huduma, kumbuka nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Mungu mwenyewe aliamuru Musa amtengeneze, watu walioumwa wamtazame waishi. Kilikuwa kitu chema na kilifanya kazi yake. Karne nyingi baadaye, 2 Wafalme 18:4, Hezekia anamkuta bado yupo, wana wa Israeli wanamfukizia uvumba, amepewa hata jina, Nehushtani. Akamvunja vipande. Hakusema, lakini huyu aliwahi kutuponya. Kilichokuwa dawa kiligeuka sanamu kwa sababu watu hawakuondoka pale, walibaki wanakitazama.

Ila binti wa watu si shaba. Huwezi kumvunja yeye, wala usimchukie kama Amnoni, mwana wa Daudi, alivyomchukia Tamari baada ya kuugua kwa kumtaka. Wapo wanaodhani wametubu kumbe wamebadilisha tamaa kuwa chuki. Mwache aimbe. Ondoa hedifoni.

---

FundiMitambo_Ksm

Mzee, nimekaa na swali lako tangu jana. Nilipoandika habari ya pumzi nilijiambia natafuta ukweli. Kusema kweli nilikuwa narudi kule nyuma kidogo. Ningeifuta sasa, ila nyote mmeshaisoma, basi ikae iniaibishe.

Alto, sikuwahi kufikiria kwamba lile jibu lake la dakika kumi na moja lilimgharimu. Nilihesabu dakika zangu tu. Huenda alikuwa amekaa kitandani anatafuta maneno ambayo hayatanifanya nimseme kwa pasta.

Jirani, samaki hapana.

---

Jirani_Nyalenda

Sawa. Nitawala mimi.

---

FundiMitambo_Ksm

Wadau, narudi na habari, imepita kama wiki tano.

Nilimwambia pasta. Nilitegemea aniwekee mikono na kukemea kitu. Alikuwa anarekebisha baiskeli ya mtoto wake, akaendelea kukaza nati, akauliza, "Ukiwa kwenye mixa bila hedifoni unaweza?" Nikasema naweza, ila si vizuri. Akasema, "Basi kaa nje miezi mitatu, yule kijana wa kidato cha tatu ajifunze. Na viti endelea kupanga." Basi. Hakunipa hata mstari.

Kuomba msamaha nilifuata masharti ya Alto. Jumamosi, mazoezi ya kwaya yamekwisha, watu wanakunja nyaya. Nilisema: "Dada, samahani kwa ule ujumbe wa Januari. Na samahani kwamba siku ile ulituambia habari za mama, mimi nilikuwepo na sikusikiliza." Nilikuwa nimeandaa sentensi ya tatu, nikaimeza.

Akasema, "Nilijua hukusikiliza." Kisha, "Asante kwa kusema." Kisha, "Hicho kiti ulichoshika kimevunjika mguu, kiweke kando mtu asianguke."

Nikakiweka kando.

Jumapili sasa nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na akina mama wenye watoto wachanga. Yule kijana wa kidato cha tatu bado maiki zinampigia mbinja, na kwa nje watu wakirudi na mizigo kutoka soko la Kibuye unawasikia. Sikuwa nimewahi kusikia kwaya yetu kutoka mahali watu wanapoketi. Ile sauti ya nne ipo, nzuri, lakini chini yake kuna mzee wa besi ambaye miaka minne nilimwandika BESI na sikumsikia, na ndiye anayewashikilia wote wasianguke. Alto wawili wanakosea sehemu moja kila wiki, wanaangaliana wanacheka. Kuna wakati natafuta kitufe kwa kidole, kwenye goti. Mazoea mabaya hayana haya.

Na mama yake walimkata, chini ya goti. Yuko nyumbani. Nilijua kwa tangazo la kanisani, kama kila mtu, na mchango nilitoa kwenye kapu kama kila mtu.

Jumatano iliyopita dada akaja kibandani Kondele. Nilishtuka, nikadondosha bisibisi. Alikuwa na simu ya mama, kabambe ile ya vitufe, haishiki chaji. Mama hawezi kutembea hadi kwa jirani sasa, anaitegemea simu. Nikaifungua mbele yake, tundu la chaji limelegea, nikachomelea jipya. Nikamuuliza mama anaitwa nani, nikaandika kwenye karatasi ya risiti jina la mama, maana simu ni yake. Akauliza ni pesa ngapi. Mkono ulitaka kusema acha tu dada, ni huduma. Nikasema mia nne, kama ninavyomwambia mtu yeyote. Akalipa, akahesabu chenji, akaondoka. Mteja wa nyuma yake alikuwa na skrini iliyopasuka.

---

Omena_Kavu

Tunamshukuru Mungu.

---

SimuKakamega

Mia nne kwa tundu la chaji la kabambe? Huku Kakamega tunafanya mia mbili na hamsini. Ndugu, toba yako haijafika kwenye bei.